Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Fimbo Moja Uani

Ndugu wanachama, walimu wenzangu,

Katiba ya chama chetu cha walimu inataka mwenyekiti asome taarifa kabla ya mhazini, nami najua chai imeshaiva nyuma ya darasa hili, kwa hiyo mambo ya kawaida nayapitia upesi. Kamati imekutana kila robo mwaka. Tumepata wanachama wapya, wawili wamehamishwa vituo vya kazi, mmoja amestaafu na bado anakuja vikaoni kuliko baadhi yetu ambao hatujastaafu. Fedha ataziongelea mhazini. Mimi niseme tu kwamba tumetumia kidogo, na kingi cha hicho kidogo kilikwenda kwenye uzi, rangi na misumari.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa habari ya fimbo. Si ile mnayoifikiria.

Mkutano uliopita tuliazimia kila shule yenye mwanachama ifundishe Sayansi, Hisabati na Mazingira kwa vitendo. Mtaala mpya ulikuwa unaingia Januari kwa Darasa la Kwanza na la Tatu, na kila mtu alikuwa na ari. Tulitoka hapa na orodha ya majaribio 12, moja kwa kila mwezi. Orodha ile niliiandika kwa mkono wangu, na leo nasimama mbele yenu kusema ilikuwa orodha mbaya.

Nimetembelea madarasa yenu, na langu nalijua. Jaribio la siku moja linakwendaje? Mwalimu yuko mbele na ndoo. Watoto 80 wanatazama, na wale wa nyuma wanatazama migongo ya wale wa mbele. Mwalimu analijua jibu, watoto wanajua kwamba analijua, basi wanatulia wakisubiri alitaje waliandike. Kengele ikilia, ndoo inarudi jikoni. Tukaja vikaoni tukajaza fomu kwamba tumefundisha kwa vitendo. Aliyetenda ni nani pale? Ni mwalimu.

Sasa fimbo. Februari, Darasa langu la Tano lilisimamisha uani mti wenye urefu wa mita moja. Baba wa mtoto mmoja ni fundi mwashi, alikuja na timazi akahakikisha umesimama wima. Kazi ilikuwa kupima kivuli. Nilikuwa nimewaambia watoto, kama nilivyoambiwa mimi nikiwa na umri wao, kwamba saa sita mchana jua linakuwa utosini na kivuli kinapotea. Nikachagua Alhamisi ya tarehe 7 Machi, maana sisi wa Tanga tuko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, na ni siku hizo jua linapita juu yetu kabisa.

Saa 6 kamili tukainama. Kivuli kilikuwepo, sentimita 15 nzima, kimelala upande wa magharibi bila haya.

Nikaangalia simu yangu. Nikasema labda ardhi imeinama. Mtoto mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, hata adhuhuri haijaadhiniwa." Nikamwambia anyamaze tunafanya sayansi.

Hatukuondoka. Niseme ukweli, sikuondoka kwa sababu niliona aibu. Kila baada ya dakika tano mtoto mmoja aliweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Zikawa zinasogelea mti: sentimita 13, 11, 9. Ilipofika saa 6:35 hapakuwa na cha kupima. Dakika chache baadaye adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani, na darasa zima likageuka kumtazama yule mtoto.

Kesho yake alileta kalenda ya nyakati za sala. Tukaisoma safu ya adhuhuri mwaka mzima. Inapanda na kushuka: Februari adhuhuri huku kwetu inakaribia saa 6:40, na mwanzoni mwa Novemba inarudi hadi karibu saa 6:10. Hakuna mahali inapoingia saa 6 kamili. Kalenda hiyo imetundikwa ukutani kwetu sote, na mimi nimeipita miaka yote nikifundisha jua la saa sita.

Hapo ndipo Hisabati ilipoingia bila kuitwa. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila digrii moja ni dakika 4. Saa zetu za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo ya 45 Mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Tanga iko longitudo ya 39. Digrii 6 mara dakika 4 ni dakika 24, basi jua la Mogadishu hutangulia letu kwa muda huo. Darasa la Tano walikokotoa wenyewe, tena wakauliza: na zile dakika 11 nyingine hadi saa 6:35? Hilo ilibidi nikaulize mwenyewe na nirudi na jibu: njia ya Dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama, kwa hiyo jua huchelewa miezi mingine na kuwahi mingine. Watoto hawakuonekana kusikitika kwamba mwalimu wao alikwenda kuuliza. Nadhani walifurahi kidogo.

Tangu siku hiyo tukawa tunapima kivuli kifupi kuliko vyote vya siku, mara moja kwa wiki. Kabla ya Machi kilikuwa kinalala kaskazini. Baada ya Machi kikahamia kusini, na baadhi ya watoto walidhani daftari limeshikwa kichwa chini. Kikarefuka. Wiki ya kwanza ya Julai shule zilipofunguliwa kilikuwa sentimita 53. Kikarudi kikifupika, na Ijumaa ya tarehe 4 Oktoba, saa 6:12, hakikuzidi upana wa kidole. Wiki iliyofuata kilikuwa kimekwisha kuvuka, kinaelekea kaskazini tena. Yote haya yamechorwa kwa grafu moja ndefu kwenye karatasi ya saruji, iko ukutani hapo nyuma. Msiiguse na vikombe vya chai.

Ninaloleta kwenu ni hili: jambo moja linalopimwa mwaka mzima linafundisha kuliko mambo 12 ya siku moja moja. Nina ushahidi wa upande wa pili pia, na unauma.

Aprili, katika shule yetu moja, tulipanda mikoko. Wageni walikuja, picha zilipigwa, watoto walivaa fulana. Tuliichomeka kwenye tope tupu upande wa baharini kwa sababu palikuwa na nafasi na pia picha zilitoka vizuri. Kufikia Agosti mingi ilikuwa imekufa. Mvuvi mmoja, babu wa mwanafunzi, alituambia bila kuzunguka: pale mikoko haijawahi kuota, maji yanakaa juu yake muda mrefu mno. Kama ingekuwa inapataka pale, ingeshajiotea yenyewe.

Walimu wa ile shule, nawapongeza, hawakuficha. Walichukua Darasa la Sita, wakasimika miti mitatu yenye alama za rangi kila sentimita 10: mmoja pale ilipokufa, mmoja penye mikoko hai, mmoja nyuma kwenye mchu, aina nyingine ya mkoko. Watoto wakaandika maji yanafika saa ngapi na yanaondoka saa ngapi. Wakajionea kwamba maji yanajaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Wakajifunza bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) kutoka kwa babu yule mvuvi, wakalinganisha na mwezi: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapanda sana na kupwa sana. Wakaona mbegu ya mkoko inavyochipua ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, na mizizi ya mchu inavyochomoza juu kama penseli ili ipate hewa. Hapo ndipo tungeanzia. Kupanda kungefuata mwaka mwingine, au kusingefuata kabisa, na fulana tungeziacha.

Madogo mengine. Chupa za kupimia mvua zilifanya kazi baada ya mtu kugundua kwamba kitako cha chupa kina mabonde. Tukakijaza kokoto na maji hadi mstari wa sifuri. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, na paa la darasa la mita 20 kwa 8 linakinga lita 1,600 kwa mvua ya milimita 10. Watoto waliokuwa wakibeba ndoo kutoka bombani waliielewa hesabu hiyo haraka kuliko zote. Darasa la Tatu walijifunza sehemu kwa vibaba, visaga na pishi. Nusu na robo zikawa unga na mchele. Kitalu cha kunde kililiwa na mbuzi. Tulijifunza uzio.

Kuna lawama moja pia, na shule siitaji. Sanduku la vifaa vya sayansi lililotolewa na wafadhili limefungwa ofisini tangu Machi kwa kuogopa visipotee. Namwelewa mwalimu mkuu anayeogopa kuulizwa. Lakini lenzi iliyopotelea mikononi mwa mtoto imefanya kazi zaidi ya ile iliyo kwenye sifongo yake.

Kamati inapendekeza mambo mawili. Kwanza, orodha ya majaribio 12 ifutwe, na kila mwanachama achague kitu kimoja cha kupima kuanzia Januari hadi shule zifungwe: kivuli, mvua, maji ya bahari, mti mmoja, mchwa, chochote, mradi watoto ndio washike futi na ndio waandike. Najua kuna atakayeuliza mitihani itafanyikaje. Kivuli kinachukua dakika kumi kwa wiki. Pili, semina zetu za Jumamosi zifanyikie uani. Ukumbi unatufanya tuhutubiane.

Tarehe. Mwaka kesho jua litapita utosini Ijumaa ya tarehe 7 Machi, saa 6:35, katika Ramadhani, saa ambayo wengi watakuwa wanaelekea msikitini. Kwa hiyo tutapima Alhamisi tarehe 6. Kwa mti wa mita moja tofauti haifiki sentimita moja. Darasa la Tano wameshaikokotoa. Wanaotaka timazi waandike majina kwa katibu, tunazo tatu tu, na fundi amesema moja anaihitaji Jumatatu.

Namkaribisha mhazini.