Kwani hawakuwa na vinu?

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ukabaila wa Ulaya imesema mkulima wa Ufaransa ya zama za kati aliishi "chini ya mfalme". Siwalaumu. Nami hapa Newala nilifundisha hivyohivyo miaka mingi, nikichora piramidi ubaoni: mfalme kileleni, watwana chini. Piramidi ile inadanganya.

Chukua eneo la Mâcon, kule Burgundy, mashariki mwa Ufaransa. Hugh Capet alitawazwa mfalme mwaka 987, lakini amri yake ilikuwa na nguvu Paris, Orléans na jirani zake tu. Kufikia karne ya 11, Mâcon hata mtawala wa jimbo alikuwa akipuuzwa na wenye ngome. Mtu mwenye ngome na wapanda farasi wachache ndiye aliyehukumu, akatoza, akafunga. Watawa wa Cluny, monasteri ya eneo hilohilo iliyoanzishwa mwaka 910, nao walikuwa mabwana: walisali, na walikuwa na watu wa kuwalimia.

Siku moja nilikuwa naeleza darasani kwamba mkulima alilazimika kusaga nafaka kwenye kinu cha maji cha bwana, kuoka mkate kwenye tanuri la bwana na kukamua zabibu kwenye shinikizo la bwana. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani hawakuwa na vinu nyumbani?" Darasa likaangua kicheko, maana nyumba gani ya Kimakonde haina kinu na mchi? Nikajibu ovyo kwamba Wazungu hawatwangi.

Swali lilikuwa zito kuliko mwalimu. Bwana alikuwa na mamlaka ya kuamuru na kukataza, Wafaransa wakiyaita ban. Ukisaga kwingine, faini. Ukisaga kwake, anachota fungu lake kwenye gunia lako. Na hata mkulima huru, mwenye shamba lake mwenyewe, hakupona, kwa kuwa bwana hakuhitaji kumiliki shamba lako. Ilitosha kukaa njiani kati ya shamba na chungu. Hilo piramidi langu halikulionyesha kabisa.

Mambo haya yalidumu. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 wabunge waliokutana Versailles walitangaza kuufuta ukabaila, lakini ada nyingi zilitakiwa kwanza kukombolewa kwa fedha, mpaka zilipofutwa bila fidia mwaka 1793.

Yule binti nasikia sasa ana mashine yake ya kusaga, upande wa Kitangari. Kama gazeti linafika huko, jibu lake ni hili.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara