Kabla hujaenda Taizé

Mwanangu mpendwa,

Uliponiambia umekubaliwa kukaa miezi 3 Taizé, kwenye ile jumuiya ya watawa huko Ufaransa, nilinyamaza kwenye simu ukadhani nimekasirika. La hasha. Mawazo yalikuwa yamenirudisha Novemba 2008, ungali mdogo wa miaka 4, mabruda, yaani watawa wa kiume, wa Taizé walipowakusanya vijana hapa Nairobi na familia zikaombwa kupokea wageni.

Unajua mwaka ule ulivyoanza kwa ghasia baada ya uchaguzi. Mimi na jirani wa mlango wa pili hatukuwa tumesalimiana tangu Januari. Mimi nikapewa msichana wa Burundi, yeye akapewa wa Rwanda, na wasichana wale wakataka kula pamoja. Basi jioni hiyo jirani yuko jikoni kwangu anasonga ugali, mimi nakata sukuma, kila mtu macho chini. Kisha akauliza, "Dada, chumvi iko wapi?" Miezi 10 hatukuwa tumeitana dada. Nilimpa kopo zima, mkono ukinitetemeka.

Ndiyo maana naamini namna mabruda wanavyoishi. Mwanzilishi wao, Bruda Roger, Mprotestanti wa Uswisi, alifika kijiji kile cha Ufaransa kwa baiskeli mwaka 1940, akiwa na miaka 25. Alinunua nyumba akawahifadhi wakimbizi wa vita, Wayahudi wakiwemo. Pasaka ya 1949 mabruda 7 wa kwanza waliweka nadhiri ya maisha. Leo Wakatoliki na Waprotestanti wanaishi humo pamoja, hawapokei sadaka wala urithi, wanakula jasho lao. Ufinyanzi ni mojawapo ya kazi zao.

Kengele ya sala italia mara 3 kwa siku, na katikati ya kila sala mtakaa kimya dakika kadhaa. Nakujua, tangu utotoni hulali bila redio. Kimya kikikulemea, kaa nacho. Ila usidhani moyo hulainikia kanisani tu. Utapangiwa zamu ya kuosha vyombo na vyoo na watu usiowachagua, na mmoja wao atakuudhi kila asubuhi. Tafadhali usiombe kubadilishiwa zamu.

Sitakuficha jambo hili pia: mwaka 2019 jumuiya yenyewe ilitangaza hadharani kwamba baadhi ya mabruda waliwahi kuwadhulumu watu kingono miaka ya nyuma. Kwa hiyo imani isikufumbe macho. Ukiona kitu kisicho sawa, sema, na unipigie hata usiku wa manane.

Agosti 16, 2005, Bruda Roger alichomwa kisu katika sala ya jioni akafa, akiwa na miaka 90. Siku ya maziko, Bruda Alois aliyeshika nafasi yake alimwombea msamaha mwanamke aliyemuua. Mimi chumvi tu ilinichukua miezi 10.

Jirani alipita jana na sweta nzito ya binti yake, anasema usiku wa kule una baridi. Nimeiweka juu kabisa kwenye sanduku lako.

Mama yako