Barua kwa wazazi na walezi: kazi za mikono ya watoto wetu muhula huu

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Sekondari Msingi
Makadara, Nairobi
Oktoba 2025

Kwa wazazi na walezi wa Gredi ya 7, 8 na 9,

KUH: MIRADI YA MWISHO WA MWAKA NA SIKU YA KUFUNGA SHULE

Pokeeni salamu zangu na za walimu wote. Ripoti za matokeo mtazipata Ijumaa kutoka kwa walimu wa darasa, kwa hivyo sitazizungumzia hapa. Nawaandikia kuhusu kazi ambayo watoto wenu wameifanya kwa wiki tatu zilizopita, na ambayo haitaonekana vizuri kwenye karatasi ile.

Mwaka jana, wakati kama huu, mama mmoja aliingia ofisini akiwa amebeba kinu cha upepo cha mbao na bati, kimepakwa rangi ya buluu, ukikipuliza kinazunguka. Alikuwa amemlipa fundi shilingi 800. Nikamuuliza mwanawe, aliyesimama kando yake, kwa nini mabawa ya kinu yamepindwa upande mmoja. Mtoto akatazama sakafu. Mama yule hakuwa na kosa. Sisi ndio tuliomtuma mtoto nyumbani jioni na agizo la mradi unaotakiwa asubuhi, na mzazi anayeshuka matatu saa mbili usiku afanye nini? Wengine wenu mlipanga foleni kwenye saiba, maduka ya kompyuta, ili mchapishiwe picha za rangi, kila ukurasa kwa pesa yake. Baadhi yenu niliwaomba radhi ana kwa ana. Wengine nawaomba radhi leo.

Ndiyo maana mwaka huu tulikata shauri kwamba mradi haupiti lango la shule kwenda nyumbani. Kila siku baada ya mapumziko ya saa nne hadi chakula cha mchana, vipindi vya kawaida vilisimama na kazi ikafanyikia darasani, kwa vitu vilivyopo: chupa tupu, kadibodi za dukani, magunia, mabati chakavu, kamba. Hakuna aliyeagizwa kununua chochote. Kilichotoka kimepinda tumekiacha kilivyo.

Nianze na Gredi ya 7, kwa sababu kwao nilijifunza nisilolijua. Mwalimu wa Sayansi aliwapa kazi iliyoonekana nyepesi mno: chemsheni maji, mwandike nyuzi za joto kila dakika. Vikundi sita, majiko mawili ya makaa, vipimajoto vitatu. Maji yalipoanza kutokota, kipimajoto cha kundi la kwanza kikasimama kwenye 94. Wakaongeza makaa. 94. Wakapepea hadi cheche zikaruka. 94. Wakasema kipimajoto ni kibovu, wakaazima cha kundi la pili, nacho kikasoma vilevile. Msichana mmoja alikuwa karibu kulia, maana kitabu kinasema maji huchemka kwenye nyuzi 100 na yeye alishaandika 100 kwenye daftari kabla ya kupima.

Mwalimu hakuwaambia jibu siku hiyo. Nilimsifu kwa hilo, kwa kuwa najua ilivyo vigumu kwa mwalimu kunyamaza. Kesho yake wakati wa mapumziko alimpigia simu mwenzake anayefundisha Mombasa, akaweka sauti ya kipaza, darasa zima limezunguka meza. Kule wakachemsha maji huku watoto wetu wakisikiliza. Mia moja. Kelele iliyozuka niliisikia nikiwa ofisini.

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuwalazimisha kusoma. Walitafuta wenyewe: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama ile ya pwani, basi maji yanatokota mapema. Wakaona kwamba kila ukipanda kama mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka takriban nyuzi moja, wakapiga hesabu ya jiji letu na jibu likalingana na kipimajoto chao. Kisha mvulana mmoja akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote ya mwaka huu: je, ndiyo sababu githeri ya mama inachukua muda mrefu hivyo? Ndiyo, mwanangu. Maji yenye nyuzi 94 yanaivisha maharagwe polepole kuliko yenye 100, na sufuria ya presha inasaidia kwa sababu inaubana mvuke ndani na kulipandisha joto. Mtoto huyo yuko kwenu sasa. Akikuambia uloweke maharagwe usiku kucha ili uokoe makaa, tafadhali usimkatize.

Gredi ya 8 walipima mvua. Vuli ilipoanza walikata chupa za plastiki za lita moja na nusu, wakageuza sehemu ya juu ikawa faneli, wakabandika rula pembeni. Vipimo vya kwanza vilikuwa ovyo, kila chupa na jibu lake, kwa sababu kitako cha chupa za soda si bapa. Wakabishana siku nzima. Suluhisho lilitoka kwa mwanafunzi ambaye hunyosha mkono mara chache sana: tutie changarawe chini, tumimine maji hadi yafunike mabonde yote, hapo ndipo tuandike sifuri. Tangu asubuhi ile chupa zote zikawa zinasema lugha moja.

Usiku mmoja ilinyesha milimita 17. Mwalimu wa Hisabati akawatoa nje na utepe wa kupimia. Jengo lao lina urefu wa mita 24 na upana wa mita 8. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivyo paa lile peke yake lilipokea lita 3,264 watu wakiwa wamelala, yaani zaidi ya mitungi 160 ya lita 20. Kila mzazi wa huku anajua anavyolipa mtungi mfereji ukikauka wiki nzima. Watoto walifuata njia ya maji hayo wakakuta gata imeachana na ukuta kwenye kona ya nyuma, na yote yanamwagika pale pale tunapolalamikia matope. Kwenye kipindi cha Kiswahili waliandika barua rasmi kwa Bodi ya Shule, yenye hesabu na mchoro, wakiwa wamepunguza sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya maji yanayorukia nje na kukauka. Bodi imeisoma. Gata itatengenezwa likizoni. Niliandika ombi hilohilo mara mbili bila hesabu yoyote, na sasa naona nilipokosea.

Somo la Jamii lilikuwa na ramani. Kila mtoto alimhoji mzee wa mtaani au wa nyumbani kuhusu majina ya zamani ya barabara. Babu mmoja wa Kaloleni alisema alikuwa akienda kazini "Gavumenti Rodi", na mjukuu akaitafuta kwenye simu asiione popote. Ilibidi wazee wengine wamsaidie: ni Moi Avenue ya leo. Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere, Mtaa wa Tom Mboya ulikuwa Victoria, na hii Barabara ya Jogoo tunayoivuka kila siku iliitwa Doonholm. Ramani imebandikwa kwenye ukumbi, majina mapya kwa wino mweusi na ya kale kwa wino mwekundu. Mkiwa na mzee nyumbani anayeweza kutembea, mleteni Ijumaa. Bado kuna mapengo.

Bustani za gunia za Kilimo ziliendelea vizuri hadi mbuzi wa jirani walipopita kwenye ua uliobomoka. Managu yalipona, sukuma wiki hazikupona. Magunia mengine yamepandwa upya.

Sasa Gredi ya 9. Hawa ni watoto wa kwanza nchini kufika gredi hii chini ya mtaala mpya, na najua hofu mliyo nayo, kwa sababu kila wiki wazazi huniuliza swali lilelile mlangoni: mtoto akishaingia sekondari ya juu na njia aliyoichagua, ikiwa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii au Sanaa na Michezo, akigundua alikosea itakuwaje? Nawajibu ninavyoamini. KJSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 9, inachukua asilimia 60 ya alama, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6 asilimia 20, kwa hivyo hakuna asubuhi moja itakayoamua maisha ya mtoto. Ila chaguo lazima litoke kwenye kitu alichokiona kwa macho yake. Ndiyo maana mradi wao ulikuwa kukaa asubuhi moja na mtu akiwa kazini na kuandika maarifa anayotumia, hata yale asiyoyapa jina.

Kundi moja lilikwenda na mwalimu Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Kelele za nyundo pale ni za kuzibua masikio. Walisimama kando ya fundi anayetengeneza majiko, mtu ambaye aliwaambia aliacha shule darasa la nne. Alitaka kukunja bati liwe mviringo wenye upana wa sentimita 25. Alipima upana huo kwa kijiti, akauhamisha kwenye bati mara tatu, akaongeza vidole vitatu, akakata. Bati likakutana sawasawa. Watoto walirudi wakiwa wamekodoa macho, wakafungua vitabu: 25 mara 3.14 ni 78.5. Mara tatu ya fundi ni 75. Sentimita tatu na nusu zilizopungua zimo ndani ya vidole vile vitatu, na kilichobaki ni cha kukunjia kingo. Mvulana mmoja ambaye baba yake alishaniambia hataki kusikia habari za ufundi ameandika kurasa nne juu ya asubuhi ile. Baba, ukisoma barua hii, naomba uzisome kurasa hizo kabla hatujazungumza tena. Sikuombi zaidi ya hapo.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Kipimajoto kimoja kilivunjika. Katika madarasa yenye watoto sitini, wapo waliojificha nyuma ya wenzao kwa siku kadhaa kabla hatujawaona. Jambo lililonisumbua zaidi ni hili: wiki ya kwanza, nilipopita darasa baada ya darasa, karibu kila kundi lilikuwa limempa msichana kazi ya kuandika na mvulana kazi ya kushika vifaa. Hakuna mwalimu aliyepanga hivyo, na hakuna aliyelizuia. Kuanzia wiki ya pili kazi zilizungushwa kila siku, na aliyeandika jana alishika msumeno leo. Wasichana wawili wa Gredi ya 8 ndio waliopanda ngazi kupima gata, mwalimu akiwa ameishikilia. Naomba nyumbani nako muangalie ni nani hutumwa kurekebisha soketi na ni nani hutumwa kuosha vyombo.

Kuhusu likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Msimlipe mtu yeyote, awe mwalimu wa shule hii au wa kwingine, ili amkalishe mtoto darasani Novemba na Desemba. Akionekana mwalimu wetu akifanya hivyo, nipigieni simu. Watoto wa Gredi ya 8 watarudi nyumbani na chupa zao za mvua. Kinachotakiwa ni mahali pa wazi, mbali na ukuta na miti, na mtu wa kumkumbusha kusoma kipimo saa moja asubuhi kisha aimwage. Anayekwenda ushago, kijijini kwao, aibebe. Januari tutaweka vipimo vya Makadara, Machakos, Siaya na kwingineko kwenye ukuta mmoja.

Ijumaa milango itafunguliwa saa tatu asubuhi. Nimewaomba walimu wasitoe ripoti kabla ya saa tano, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Kwa saa hizo mbili mwanao atakuzungusha kwenye kazi yake na kukueleza. Muulize. Akikwama, mngoje, na mwalimu aliye karibu atangoja pia. Ndugu zake wadogo wanakaribishwa. Kama kazini hawakuruhusu, mtume shangazi, mjomba au jirani, na mtoto apewe mtu wa kumwelezea. Gredi ya 9 watakuwapo siku hiyo pamoja na wenzao, kisha wataendelea kuja hadi wamalize tathmini yao.

Majiko ya Gredi ya 7 yatawashwa saa tatu kamili. Vipimajoto viwili vilivyobaki vitakuwa mezani, na chai itapikwa kwa maji hayohayo. Kila mmoja aje na kikombe chake, kwa kuwa vya shule havitatosha.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu Mkuu