Andikeni saa aliyoshikwa, mtupe nambari ya OB

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kisauni, Mombasa, mwaka wa 22 huu. Ijumaa moja mwezi uliopita nilimtuma mtoto wa marehemu kakangu mjini, Barabara ya Biashara, akaninunulie zipu na bitana. Ana miaka 19. Saa kumi na moja na nusu jioni akanipigia: "Shangazi, nimetiwa kwenye karandinga." Simu ikakatika.

Usiku ule nilizunguka vituo vitatu. Kila nilipofika, afande alishusha kidole kwenye kitabu cha OB, kile ambacho kituo huandikia matukio na watu waliokamatwa, kisha akaniambia, "Mama, hapa hayupo." Jumamosi asubuhi nikarudi kile cha tatu. Nilimkuta afande mwingine ndiyo kwanza anaandika jina la mtoto wangu, na penye saa ya kukamatwa akaandika saa mbili asubuhi ya siku hiyohiyo. Kosa: kuzurura. Zipu zangu zilikuwa pale mezani, zimefungwa kwa mshipi wake wa suruali. Alilala seli usiku kucha na hakuwa katika kitabu chochote.

Katiba yetu, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Zikiisha wakati mahakama zimefungwa, basi siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa jioni inapendwa. Anayeshikwa saa hizo atakaa hadi Jumatatu, na jamaa zake wana siku mbili nzima za kuombwa pesa. Ukutani palibandikwa tangazo kwamba bondi ya polisi, yaani kuachiliwa kwa ahadi ya kufika unapotakiwa, ni bure. Chini ya tangazo hilo niliambiwa nilete elfu tatu. Nilipouliza risiti, afande akafunga kitabu. Sikutoa, na mtoto akalala huko siku mbili zaidi. Jumatatu aliachiliwa bila hata kupelekwa mbele ya hakimu, akatoka ameshika suruali kwa mkono.

Elfu tatu si kitu. Kinachonitetemesha mpaka leo ni ule usiku wa Ijumaa. Tunakumbuka Juni 2016: wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walifungiwa katika kambi ya polisi Syokimau, kisha wakauawa. Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na raia mmoja mwaka 2022, miaka sita baadaye. Mtu ambaye hakuandikwa popote, akipotea, utamdai nani? Kila afande atashusha kidole chake na kusema hayupo, na kitabu kitamuunga mkono.

Kwa hiyo ninachoomba ni kazi ya kalamu tu. Saa aliyoshikwa mtu iandikwe pale pale anapofikishwa kituoni, na afande aliyemshika aandike nambari yake ya kazi mbele ya jina hilo. Kisha nambari ya OB itumwe kwa simu ya jamaa atakayemtaja. Nikimtumia mteja shilingi 50, ujumbe huingia kabla sijaweka simu chini, polisi wanashindwaje? Na hawa wa makosa madogo, ambayo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba hiyohiyo inakataza wasiwekwe rumande. Waandikiwe bondi waende nyumbani.

IPOA, chombo huru kinachosimamia mwenendo wa polisi, nayo ina mamlaka ya kukagua vituo na seli. Nawasihi wasije Jumanne asubuhi, sakafu imeshapigwa deki. Waje Ijumaa saa nne usiku, wahesabu vichwa vilivyo ndani, halafu wafungue kitabu wahesabu majina.

Mama fundi,
Kisauni, Mombasa