YAH: MHUDUMU WA FAMASI YENU, TAWI LA MWANGA, KIGOMA, KUTANGAZA MAJIBU YANGU YA KIPIMO CHA VVU

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa hasira haijanitoka.

Jumamosi asubuhi mhudumu wenu alikinyanyua kipimo changu kwenye mwanga wa taa, akasema watu wakisikia: "Mistari miwili hii, dada. Umeshaathirika, nenda kaanze dawa." Foleni ilikuwa nyuma yangu. Jirani yangu wa Ujiji alikuwemo.

Kipimo hicho cha mate mliniuzia ninyi Ijumaa, boksi likiwa limeshafunguliwa, karatasi ya maelekezo haimo. Nilipouliza nikajibiwa, "Ukiona mistari utajua." Nilipima saa mbili usiku. Baada ya nusu saa mstari ulikuwa mmoja, kwenye C, ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi. Asubuhi nikaona kama kivuli kwenye T, ule wa majibu, nikawakimbilia. Hakuniuliza hata nilipima saa ngapi! Kipimo kile husomwa kuanzia dakika 20, mwisho 40. Kikishalala usiku kucha, hayo si majibu tena. Na hata mstari wa T ungetokea ndani ya muda, uliofifia au uliokolea, mtu huelekezwa kituo cha afya akathibitishwe kwa damu. Haambiwi aanze dawa. Haya nimeelezwa Jumatatu Hospitali ya Maweni, na mshauri aliyefunga mlango kwanza. Walinipima: hasi. Nirudie baada ya miezi mitatu, kwani maambukizi ya karibuni huenda yasionekane.

Lakini narudia, msije mkadhani nalalamikia mistari tu. Alikinyanyua juu. Nikanyoosha mkono anirudishie, hakunipa, akamgeuzia mwenzake: "Hebu ona hii." Jirani yangu akainamisha macho. Nilitoka bila kuaga. Siku mbili sikula. Na kama ningekuwa nayo kweli, ndiyo ningestahili kutangazwa?

Nilikusudia kudai fedha yangu tu. Sasa haitoshi. Nataka barua ya kuniomba radhi, wahudumu wafundishwe, na kila boksi liuzwe limefungwa, lina maelekezo ya Kiswahili. Yule mhudumu aondolewe kaunta. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu, nanyi mnaijua. Nawapa siku 7. Siku ya 8 nakala hii iko Baraza la Famasi na kwa wakili. Risiti ninayo.

Kipimo changu amebaki nacho yeye. Nakitaka.

Mteja wenu,
Ujiji, Kigoma