Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu wa ICAO: Msafiri Aambiwe Analipia Nini

Kwa Mheshimiwa Katibu Mkuu,
Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO),
Montreal, Kanada.

YAH: KODI ZA UTALII NA ADA ZA KUONDOKA WANAZOTOZWA WASAFIRI WA KIMATAIFA

Mheshimiwa,

Ninakuandikia kwa heshima nikiwa abiria wa kawaida, nisiye mtaalamu wa kodi wala mwajiriwa wa shirika lolote la ndege. Sipingi nchi kumtoza mgeni wala mwenyeji anayevuka mipaka yake. Ninachoomba ni kwamba anayetozwa aambiwe, kabla hajatoa fedha yake, ni nani anayeichukua na kwa kazi gani, na kwamba shirika lako litumie nafasi yake kuzisukuma nchi wanachama zifanye hivyo.

Ibara ya 15 ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio ulioanzisha shirika lako, inakataza nchi mwanachama kutoza ada kwa sababu pekee ya ndege, au watu na mali zilizomo, kupita katika anga lake, kuingia au kutoka. Msafiri akiisoma ibara hiyo huku ameshika tiketi yake atashangaa, kwa kuwa siku hizi ni tiketi chache za kimataifa zisizo na tozo ya kuondoka ya namna fulani. Serikali zimejifunza kuipa tozo hiyo sababu nyingine: huduma ya kiwanja, ulinzi, ukaguzi wa forodha, mazingira au maendeleo ya utalii. Baadhi ya sababu hizo ni za kweli kabisa. Nyingine zimewekwa ili tozo ipite.

Sera za shirika lako zimeshalitenganisha jambo hili vizuri. Ada ni malipo yanayowekwa mahususi ili kurudisha gharama za miundombinu na huduma za usafiri wa anga, ilhali kodi ni mapato ya serikali ambayo kwa kawaida hayarudi yote katika usafiri huo. Tena sera hizo zinazitaka nchi zipunguze, na inapowezekana ziondoe, kodi zinazowekwa juu ya uuzaji na matumizi ya usafiri wa anga wa kimataifa. Tofauti hiyo iliyo wazi kwenye nyaraka zenu hupotea mara inapofika kwenye risiti. Tazama tiketi ya safari inayoanzia London: herufi GB ni kodi ya abiria inayokwenda hazina ya Uingereza, herufi UB ni ada ya huduma kwa abiria inayokwenda kwa mwenye kiwanja, na YQ, ambayo mara nyingi hupangwa kando ya hizo kana kwamba nayo imeamriwa na serikali, ni nyongeza ya shirika lenyewe la ndege. Fedha zinakwenda kwa watu watatu tofauti, lakini mlipaji anaoneshwa herufi mbilimbili na jumla chini yake. Hata wakala aliyemuuzia tiketi huenda asiweze kumweleza zaidi ya hapo.

Kwa kodi ya Uingereza yenyewe sina ugomvi mkubwa. Ilipoanza mwaka 1994 ilikuwa paundi 5 kwa safari za karibu na paundi 10 kwa za mbali, imepanda mara nyingi tangu hapo, na serikali haijawahi kujificha kwamba inatafuta mapato. Kinachonisumbua zaidi ni mfano wa Australia. Mwaka 1995 nchi hiyo iliweka tozo mpya kwa kila anayeondoka, kwa hoja ya kufidia gharama za forodha, uhamiaji na karantini. Ilianza na dola 27 za Australia; mwaka 2017 ikawa dola 60, na mwaka 2024 ikafika dola 70. Gharama zinapanda, hilo halina ubishi. Hata hivyo, fedha hizo huingia katika mfuko mkuu wa serikali, na abiria anayezilipa haoneshwi kwenye tiketi yake ni kiasi gani kinamfikia ofisa anayemkagua na kiasi gani kinakwenda kwingine. Tozo iliyozaliwa kama ada hukua taratibu ikawa kodi, na hakuna siku inayotangazwa kwamba imebadilika.

Zipo nchi zilizojaribu kusema mapema fedha zitafanya nini. Ufaransa iliweka mwaka 2006 tozo ya mshikamano kwenye tiketi za ndege, na sehemu ya mapato yake ikaenda Unitaid, shirika la kimataifa la afya, kwa ajili ya dawa na vipimo vya Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Mtu anaweza kuipinga, lakini hawezi kudai kwamba hakuambiwa. Japani ilianza Januari 2019 kumtoza kila anayeondoka yen 1,000, awe raia au mgeni, ikiwaacha watoto wa chini ya miaka miwili na abiria wanaounganisha safari ndani ya saa 24. New Zealand ilianza mwaka huohuo na dola zake 35 kwa ajili ya uhifadhi na miundombinu ya utalii, ikazipandisha hadi 100 Oktoba 2024. Hapo ndipo ninapouliza: mgeni anayeambiwa alipe karibu mara tatu anapata wapi hesabu ya kilichofanywa na zile 35 za mwanzo, kwa lugha anayoielewa na mahali anapolipia?

Kuna jambo jingine ambalo tozo hizi hulisahau, nalo ni kwamba si kila avukaye mpaka ni mtalii. Wapo wanafunzi, wagonjwa, waliofiwa, na wafanyakazi wanaorudi makazini ng'ambo. Ufilipino inawasamehe kisheria raia wake wanaofanya kazi nje wasilipe ada ya kiwanja. Mwaka 2015 ada hiyo ilipoingizwa ndani ya bei ya tiketi ili kuondoa foleni, baadhi yao walijikuta wakiilipa kwanza, kisha wakipanga foleni nyingine ili kurudishiwa peso 550 zao. Msamaha ulibaki kwenye sheria, na mzigo wa kuufuatilia ukamwangukia aliyesamehewa.

Simaanishi kwamba tuyarudie madirisha ya zamani ya kulipia ada kiwanjani. Nimewahi kusimama nyuma ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, tumeshakabidhi mizigo, akaambiwa arudi kulipa ada ya kuondoka kwa fedha taslimu, kadi haipokelewi, na noti yake ya dola ikakataliwa kwa kuwa imechanika pembeni. Ndege ilikuwa imeshaanza kupakia abiria. Costa Rica na Kuba, ambazo zamani zilitoza kwa mtindo wa dirishani, zimeihamishia ada hiyo ndani ya tiketi, na zimefanya vema. Lakini kuiingiza ndani ya tiketi kusiwe njia ya kuificha, na anayestahili msamaha atambuliwe palepale anaponunua.

Linabaki suala la yule asiyesafiri kabisa. Kodi ya Uingereza, kwa mfano, hudaiwa kwa abiria aliyebebwa. Aliyeachwa na ndege au aliyeahirisha safari hadaiwi kitu na hazina. Fedha yake, kama hakuiomba, hubaki kwa shirika la ndege, na akiiomba huenda akakatwa gharama za ofisi zinazoimaliza yote. Hiyo ni fedha iliyokusanywa kwa jina la serikali, na sioni kwa nini iwe faida ya mkusanyaji.

Tozo za miji, kama ile ya Venice iliyoanza Aprili 2024 kwa euro 5 kwa mgeni wa siku moja, ziko nje ya mamlaka yako, hivyo sizijadili hapa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ninaomba ulifikishe mbele ya Baraza la shirika lako pendekezo kwamba kila tozo kwenye tiketi ya kimataifa iandikwe kwa jina kamili, ikitaja kama ni kodi, ni ada au ni nyongeza ya shirika la ndege, pamoja na anayeipokea. Nchi inayodai kwamba tozo yake ni ya kazi maalumu itoe hesabu ya kila mwaka, nanyi mziweke hesabu hizo mahali pamoja panapofikiwa na umma. Abiria asiyesafiri arudishiwe kodi ya kuondoka bila kuomba na bila kukatwa, kwa njia ileile aliyolipia. Ninajua kwamba Baraza haliwezi kuilazimisha hazina ya nchi yoyote. Hata hivyo tiketi ya ndege inafanana duniani kote kwa sababu nchi na mashirika yalikubaliana ifanane, na makubaliano ya kuongeza maneno machache kwenye risiti hayahitaji mkataba mpya.

Nitashukuru kupata jibu lako, hata likiwa la kueleza ni ombi gani kati ya haya haliwezekani na kwa nini.

Wako kwa heshima,
Abiria mlipa tozo.