Pikipiki kubwa ya kwanza ipimwe kwa uzito, si kwa cc

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wasomaji ambao wameendesha pikipiki ndogo kwa miaka kadhaa, wamedunduliza fedha, na sasa wanataka kununua kubwa. Si watu wachache tena. Hapa Morogoro, ukisimama Jumamosi asubuhi kwenye kituo cha mafuta karibu na Msamvu, utaona misafara ya pikipiki kubwa ikijaza matangi kabla ya kuelekea Mikumi na Iringa, na pembeni utawaona vijana wa bodaboda wakizitazama kwa macho ya mtu anayehesabu akiba yake kimoyomoyo. Mpwa wangu ni mmoja wao. Amebeba abiria kwa Boxer ya cc 150 kwa miaka mitano, na mwezi uliopita alinijia na swali ambalo nimeulizwa na wengi kabla yake: "Mjomba, nichukue cc ngapi?"

Nadhani swali hilo linaanzia mahali pasipofaa. Cc zinamweleza mnunuzi ukubwa wa injini, nazo ndizo anazozitaja muuzaji, ndizo zinazoandikwa kwenye kadi, na ndizo vijana wanazotambiana vijiweni. Lakini mtu anayetoka kwenye pikipiki ndogo hashindwi kwanza na injini. Anashindwa na uzito, na mara nyingi anashindwa pikipiki ikiwa imesimama.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Nilikuwa afisa ugani wilayani Kilosa kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo nilipanda pikipiki ya kazi ya cc 125, ambayo niliivusha kwenye tope jeusi la Kimamba na kuipandisha milimani bila kuiogopa hata siku moja. Nilipostaafu nilinunua ya cc 650 iliyotumika Japani, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam ambaye sitamtaja, aliyenihakikishia kwamba aliyeiweza ndogo hubebwa na kubwa yenyewe. Barabara kuu nilifika nayo salama. Nilianguka nyumbani kwangu, mbele ya geti, mwendo ukiwa sifuri. Nilisimama kwenye kimteremko chenye kokoto ili mtoto anifungulie, nikashusha mguu wa kushoto kama nilivyokuwa nikifanya siku zote, kiatu kikateleza kiasi cha vidole vinne, pikipiki ikainama. Kwa ile ya zamani ningeizuia kwa paja na kuisimamisha tena huku nikiendelea kuzungumza. Hii nilihisi inazidi kuwa nzito kadiri inavyoinama, mpaka ikafika pembe ambayo hakuna paja la binadamu linaloweza kuizuia, nami nikaiachia. Walikuja vijana watatu wa bodaboda kuiinua, wakicheka kwa adabu. Mkono wa klachi ulikatika, na mwingine niliusubiri wiki tatu.

Hapo ndipo nilipouelewa msemo wa wazee kwamba mazoea yana taabu. Boxer ya cc 150 ina uzito wa kilo 120 hivi, na mtu mzima aliyeizoea hujifunza bila kujua kwamba mguu wake ni stendi ya tatu: pikipiki ikiyumba, mguu unaiokoa. Akipanda pikipiki ya kilo 200 na zaidi, mguu ule ule unajaribu kazi ile ile, na kama haukuponzwa na kokoto unaweza kubanwa chini ya injini. Ujuzi wa miaka mingi kwenye pikipiki ndogo ni ujuzi wa kweli, ila sehemu yake ni ujuzi wa uzito ule tu, na haihami pamoja na mwenyewe.

Uzito nao hausomwi peke yake, maana kimo cha kiti kinaweza kuubadili kabisa. Nitatoa mfano wa pikipiki tatu ambazo hutajwa sana na wanaotaka kusafiri. Royal Enfield Himalayan ile ya cc 411 ina uzito unaokaribia kilo 200, lakini kiti chake kiko sentimita 80 kutoka ardhini, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida hukanyaga kwa nyayo zote mbili. Yamaha Ténéré 700 inaizidi kwa kilo chache tu, lakini kiti chake kiko sentimita 87.5, na mtu yule yule atasimama kwa ncha za vidole kama mcheza ngoma. Honda CRF250L nayo kiti chake kiko juu karibu sawasawa na cha Ténéré, ila kwa kuwa uzito wake ni kama kilo 145, mguu mmoja uliokanyaga vizuri unatosha kuishikilia. Anayesoma cc peke yake ataona 411, 700 na 250, na hatajua kwamba kwa mtu mfupi kama mimi ile ya katikati ndiyo itakayomwangusha. Kuhusu BMW R 1250 GS, ambayo kila kijana ana picha yake kwenye simu, inakaribia kilo 250 kabla haijapakiwa mzigo wala abiria.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnunuzi ni kwamba asiridhike kukaa juu ya pikipiki sakafuni mwa duka na kupiga picha. Aende amevaa viatu atakavyoendeshea, aitoe kwenye stendi mwenyewe, aisukume kwa kurudi nyuma kwenye mwinuko mdogo, aigeuze kwenye njia nyembamba injini ikiwa imezimwa. Kipimo kikubwa kuliko vyote ni kuilaza chini na kuiinua peke yake: unaipa mgongo, unachuchumaa, mkono mmoja unashika usukani na mwingine unashika chuma cha fremu au cha kubebea mizigo, kisha unasukuma kwa miguu ukirudi nyuma hatua kwa hatua. Kabla ya hapo hakikisha imeingia gia na, kama imelala upande wa kulia, stendi ya pembeni iko nje, isije ikaangukia upande wa pili. Najua hakuna muuzaji atakayekubali pikipiki yake mpya ilazwe, na simlaumu. Ndiyo maana ni vema kumtafuta mwenye pikipiki ya aina hiyo na kumwomba asubuhi moja kwenye nyasi. Asiyeweza kuiinua akiwa nyumbani, ataiinuaje peke yake njia ya Mgeta mvua ikinyesha?

Jambo la pili ni breki, na hapa vijiwe vyetu vimefundisha vibaya. Kijana anayeanza bodaboda huambiwa asiguse breki ya mbele kwa sababu "utapaa". Kwa pikipiki ndogo yenye breki za ngoma, inayokwenda kilomita 40 kwa saa mtaani, anaweza kuishi na kosa hilo miaka mingi. Kwa pikipiki nzito iendayo kilomita 90 hawezi, kwa kuwa ukipunguza mwendo uzito mwingi huhamia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, na breki ya nyuma peke yake hulifunga na kulifanya lisote. Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, aliyechunguza na wenzake ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles na kutoa ripoti mwaka 1981, aliyakuta hayo hayo: waendeshaji walikuwa wakikanyaga ya nyuma kupita kiasi na kuitumia ya mbele kidogo mno. Ripoti hiyo ina jambo jingine ambalo ningependa kila anayebadili pikipiki alijue. Zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa na uzoefu wa chini ya miezi mitano kwenye pikipiki ile waliyoanguka nayo, ingawa kwa jumla walikuwa na karibu miaka mitatu ya kuendesha barabarani. Hawakuwa wanagenzi wa pikipiki. Walikuwa wageni wa pikipiki ile. Ni utafiti wa zamani na wa mbali, lakini nilipoanguka getini nilikuwa na uzoefu wa miaka zaidi ya ishirini kwenye ndogo na siku tisa kwenye kubwa.

Kama fedha inaruhusu, basi, pikipiki kubwa ya kwanza iwe na ABS, yaani mfumo unaozuia tairi lisifungwe na breki, na mwenyewe atafute kiwanja kitupu ajizoeze kuibana breki ya mbele polepole na kwa nguvu inayoongezeka. Miguu nayo ifundishwe upya, kwa sababu baadhi ya pikipiki ndogo gia zake zote huingia kwa kukanyaga mbele, ilhali kwenye kubwa karibu zote ya kwanza hukanyagwa na zinazofuata huinuliwa kwa kidole.

Sipendi nionekane napinga pikipiki kubwa. Sababu ya kuihitaji ipo na ni ya haki. Aliyewahi kupita Makambako siku ya upepo na pikipiki ya cc 150 anajua jinsi inavyosukumwa mpaka ukingo wa lami, na aliyewahi kupanda Mlima Kitonga nyuma ya lori lililojaa anajua jinsi nguvu za farasi 12 zinavyoisha kabla hujafika ubavuni mwake. Akiba ya nguvu ya kukamilisha kupita gari ni usalama, si anasa. Ninachosema ni kwamba akiba hiyo haihitaji injini ya cc 1,250 yenye nguvu za farasi 136. Mimi niliiuza ile ya 650 kwa hasara na kununua Himalayan ya cc 411 yenye nguvu za farasi 24 hivi, mara mbili ya Boxer, na Kitonga napanda bila kumsumbua mtu. Nikitakiwa kutaja cc kwa lazima, basi kati ya 250 na 450, ilimradi uzito usipite kilo 200.

Suala la spea sitalirefusha, kwa kuwa wengi wanalijua mpaka pale wanapokuwa mbele ya muuzaji, ndipo wanapolisahau. Tairi, cheni na kebo ya klachi ya Boxer utazipata katika kila mji mdogo, na fundi aliye chini ya mwembe ataifungua injini yake akiwa na spana nne. Tairi la mbele la inchi 21 hulipati Ifakara. Rimu za spoku zenye tyubu, ambazo wauzaji huzisema kuwa za kizamani, mimi nazipenda kwa sababu moja tu: pancha yake inazibwa na fundi yeyote wa baiskeli. Na aliyezoea kwenda kilomita 50 kwa lita moja ajiandae kwenda 30 au pungufu.

La mwisho nalielekeza kwa wanaosimamia leseni. Utaratibu wetu unazigawa pikipiki kwenye cc 125: daraja A1 kwa zilizo chini na daraja A kwa zinazozidi, na unataja pia kilo 230, uzito ambao nyingi kati ya hizi ninazozisema haziufikii. Maana yake ni kwamba mpwa wangu mwenye daraja A kwa ajili ya Boxer yake ya 150 anaruhusiwa kesho asubuhi kupanda yenye nguvu zaidi ya mara kumi bila mtu yeyote kumwonyesha chochote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2013, kuna ngazi katikati: daraja lenye ukomo wa kilowati 35 za nguvu ya injini, na mwendeshaji hukaa hapo miaka miwili kabla ya kufanyiwa majaribio ya pikipiki isiyo na ukomo, au asubiri mpaka atimize miaka 24. Sisemi tuinakili sheria hiyo, kwa kuwa vijana wa bodaboda wana gharama za kutosha tayari. Ninaomba shule za udereva ziwe na somo la nusu siku kwa anayehama kutoka ndogo kwenda kubwa: kuinua, kugeuza, kufunga breki. Pikipiki moja ya zamani na kiwanja cha nyasi vinatosha kulianzisha.

Mpwa wangu nimemwambia aje Jumamosi asubuhi na viatu vyake vya kazi. Pikipiki yangu ataikuta imelazwa kwenye nyasi nyuma ya nyumba, upande wa kushoto, na akiiinua mara mbili bila msaada tutazungumza habari za fedha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Afisa ugani mstaafu,
Kihonda, Morogoro